Mkaguzi Akienda, Mkaguzi Akirudi

Kijiwe chetu hakina benchi, kina kochi. Ni kochi la watu watatu ambalo mwenyewe alilileta libadilishwe kitambaa, akahamia mbali, asilifuate tena. Fundi Springi akaliburuta hadi nje ya karakana yake, likawa la umma. Mimi muuza kahawa nakaa mbele ya wakaaji wake kwenye kigoda, na jiko langu la mkaa na birika langu, kwa hiyo wao wanatazama barabara na mimi nawatazama wao, na kama kuna adhabu kubwa kuliko hiyo sijaionja. Mchana, Springi akishachambua sufi za mito, zile nyuzi nyepesi hutoka mlangoni zikaelea juu ya vichwa, zikatua kwenye nywele na kwenye vikombe, na mtaa mzima ukawa kama unaota. Saa hizo watu husema polepole. Uongo nao hutembea polepole, lakini hufika.

Wakaaji ni watatu. Mkono wa kushoto wa kochi, kwa aliyelikalia, anakaa Posta, aliyegawa barua miaka ishirini na saba na sasa anagawa methali, nyingi kwa anwani zisizo zake. Katikati ni Springi mwenyewe, fundi makochi, mgane wa miezi miwili na siku kadhaa. Kulia ni Wembe, kinyozi, mdogo kuliko wote na mwenye uhakika kuliko wote. Wananiita Shangazi. Sikumbuki kaka yangu aliyewazaa.

Na kuna Mkaguzi. Mkaguzi ni paka dume wa rangi ya majivu, wa Springi, au tuseme alikuwa wa mkewe. Kila siku nikimimina kikombe cha kwanza, Mkaguzi hupanda juu ya mgongo wa kochi, nyuma ya vichwa vyao. Huanzia kwa Posta, hupita kwa Springi, huishia kwa Wembe, kisha hugeuka na kurudi njia ile ile. Kila mmoja hupeleka mkono nyuma, juu ya bega, bila kugeuka, akampapasa anapopita. Wasipompapasa, kahawa hainyweki. Ni sheria ya hapa, na hakuna anayejua nani aliipitisha.

Siku ninayoisimulia ilikuwa saa tisa alasiri. Saa kumi angekuja mtu kumchukua Mkaguzi, asirudi.

Springi: Kesho mjukuu wangu wa kike analetwa. Mama yake anakaribia kujifungua, kwa hiyo mtoto atakaa kwangu mwezi mzima. Ana mwaka na nusu. Kila anachokiona anakishika. Nimweke chumba kimoja na huyu?

Akakunja shati. Mkono ulikuwa na mistari mitatu, mirefu, mibichi.

Wembe: Na mimi je? Kinyozi mwenye mikwaruzo hadi vidoleni. Nani atanipa shingo yake?

Posta: Chanda chema huvikwa pete.

Wembe: Changu kimevikwa plasta.

Posta: Ni hiyo hiyo. Inategemea sonara.

Springi: Nyumba nimeiandaa yote. Misumari nimeweka juu. Mikasi juu. Sindano nimezihesabu, saba, kama kawaida. Kimebaki kitu kimoja tu chenye ncha, nacho kina miguu minne.

Hapo hakudanganya. Springi hafungi mlango jioni kabla hajahesabu sindano zake. Amezichomeka kwenye kipande cha sponji ukutani, na hata kama nyumba inaungua atasimama azihesabu: moja, mbili, hadi saba. Asubuhi tena. Anajivuna kwamba tangu aanze kazi hakuna mteja aliyewahi kukalia sindano yake.

Springi: Kuna mama mwenye ghala la nafaka. Panya wamemzidi. Amesema hata awe mkali namna gani, atamchukua. Nimemwambia aje saa kumi.

Alisema akiangalia ndani ya kikombe, na kikombe kilikuwa kitupu. Nikamuuliza kama marehemu angekubali. Maana marehemu ndiye aliyemwokota Mkaguzi akiwa hajafungua macho, akamlea kwa pamba iliyochovywa maziwa.

Springi: Shangazi, usinilize mbele ya kinyozi.

Wembe akajifanya anatazama barabara. Nikammiminia fundi kikombe cha pili.

Posta: Mimi ugonjwa wa Mkaguzi naujua. Amestaafu.

Wembe: Paka?

Posta: Paka ni mtumishi. Mara ya mwisho kuleta panya ilikuwa lini?

Springi: Kabla ya msiba. Tangu hapo, hata mkia sijauona.

Posta: Basi. Amestaafu, na hakuna aliyemuaga. Mimi niliagwa kwa saa ya ukutani isiyo na betri, na bado miezi mitatu nilikuwa nang'aka ovyo. Mke wangu akiuliza chumvi iko wapi, namjibu kama ameniuliza nimemuua nani. Mtu akiamka hana pa kwenda, lazima aume wengine. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Wembe: Hiyo inaingiaje hapa?

Posta: Sare. Ukishaivua, inakula kutokea kabatini.

Wembe: Paka hana sare, mzee.

Posta: Ana manyoya.

Posta ana majibu ya namna hiyo, yakikufika huna pa kuyarudisha.

Ndipo Mkaguzi akatoka karakanani. Sufi zilikuwa zinaelea mlangoni, akapita katikati yake polepole, akasimama chini ya kochi akatazama juu. Zamani alikuwa akiruka kutoka chini hadi juu kwa mruko mmoja, huoni alipotoka, unaona alipofika. Siku hizi anapanda kwanza sanduku langu la vikombe, anapumzika, halafu mkono wa kochi, anapumzika, halafu mgongo. Vikombe vyangu vikagongana. Nikamwambia pole. Siku hizo sikuwa na sababu ya kumwambia pole, nilisema kama tunavyoambia mtu aliyejikwaa.

Akaanza kupita. Posta akapeleka mkono nyuma. Mkaguzi akatoa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Springi akapeleka wake, akapigwa kucha. Wembe hakupeleka kitu, aliinama hadi magotini, paka akapita. Kisha akageuka mwisho wa kochi, akarudi. Na katika kurudi alikuwa Mkaguzi wetu wa zamani. Wembe akampapasa, kimya. Springi akampapasa, paka akasikika anakoroma ile koroma yake ya raha. Posta akamsugua hadi shingoni, na paka akafumba macho.

Posta: Mmeona? Akienda yuko kazini. Akirudi zamu imekwisha.

Mimi: Umesema amestaafu.

Posta: Anafanya kibarua.

Mimi: Na lile bonge la sufi ubavuni mwake, mbona halirambi? Paka msafi kama yule. Upande mmoja unang'aa, upande mwingine kama mto uliopasuka.

Posta: Ile ni nishani, Shangazi. Nishani hairambwi.

Wakacheka, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Nilikuwa nimekishika kitu kizima mkononi nikakiacha kianguke kwa sababu ya mzaha wa Posta.

Wembe: Sasa nisikilizeni. Huyu siye.

Springi: Siye nani?

Wembe: Siye Mkaguzi. Mkaguzi alikuwa anaruka. Huyu anapanda sanduku la Shangazi kama bibi harusi anapanda gari. Paka huwa na mapacha. Pacha wake yuko mtaa wa pili, amechoka kula maganda, wamepatana wapeane zamu.

Mimi: Na yule anayekoroma akirudi?

Wembe: Huyo ndiye mwenyewe. Anayekwenda ni pacha, hatujui, anatuparura. Akifika kwangu, hapa nyuma ya sikio langu, wanabadilishana. Anayerudi ni wetu.

Posta: Wanabadilishana hewani?

Wembe: Wewe umewahi kugeuka ukatazama?

Hakuna aliyewahi kugeuka. Nikaona wote watatu wanalifikiria jambo hilo kwa uzito, sufi zimewakaa vichwani, na kwa muda mfupi hata mimi niliona inawezekana. Mchana wa namna ile, ungeambiwa mawingu yanapikwa ungeuliza kwa moto gani.

Springi: Si pacha. Na hajastaafu.

Alisema kwa sauti ndogo.

Springi: Analalia mto wa marehemu. Sikuwahi kuwaambia. Wiki ile ya msiba sikuweza kulala na ule mto pembeni yangu, na sikuweza kuutupa. Usiku nikaufungua, nikatoa sufi ya zamani, nikatia mpya, nikaupunguza ukawa mdogo, nikampa Mkaguzi. Tangu hapo ndipo alipobadilika.

Posta: Kwa hiyo?

Springi: Miaka thelathini na mmoja mtu mmoja ameota juu ya kitambaa kile. Sufi nilibadilisha, kitambaa ni kile kile. Nafikiri ndoto zimebaki. Huyu akilala anaota ndoto zake. Anatembea na yeye, anaitwa jina lake, analishwa. Halafu akiamka anatukuta sisi. Akienda bado yuko kule, ndiyo maana hataki kuguswa. Akirudi ameshatuzoea.

Posta alitafuta methali hadi mwisho wa mfuko wake na hakuipata. Mimi nilipuliza makaa ambayo hayakuhitaji kupulizwa.

Springi: Ningekuwa mimi ndiye ninayemwota, na mimi ningemng'ata atakayeniamsha. Namtoa kwa sababu ya mtoto, sikatai. Lakini nikimtoa huyu, ndani kutabaki mimi na cherehani.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa alipofika yule mama wa ghala. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa na vumbi jeupe la unga hadi kwenye nyusi, na kikapu ambacho ndani yake alikuwa ametandika kitambaa kilichokunjwa mara nne. Akasalimia, akakataa kahawa kwa heshima, akamtazama Mkaguzi aliyelala juu ya mgongo wa kochi, kwenye pembe ya Posta. Akanyoosha mkono, akausimamisha njiani.

— Baba, akamwambia Springi, nimshike wapi asiumie?

Springi akamtazama. Posta akamtazama Springi. Wembe akanitazama mimi, kama mimi ndiye mwenye paka.

— Mshike tu, akasema Springi. Ni mkali.

— Nimesikia ni mkali. Nauliza anaumia wapi. Kwangu nina paka sita, baba. Paka mzima akikuchoka anaondoka. Huyu anayebaki na kuparura, kuna mahali panamuuma. Nipe mahali, nisipaguse.

Watu watatu waliokuwa wamemstaafisha paka, wakampa pacha, wakamwotesha ndoto za marehemu, hawakuwa na jibu la swali la maneno matatu. Miezi miwili, na kila mmoja alijua kwa nini Mkaguzi ana hasira. Hakuna aliyejua wapi.

Nikasikia mdomo wangu unasema.

— Kushoto.

Wote wakageuka kwangu.

— Akienda, ubavu wa kushoto ndio uko upande wenu. Akirudi, ni wa kulia. Mimi niko mbele, naona. Akienda mnamgusa kushoto, anararua. Akirudi mnamgusa kulia, anakoroma. Na sufi iko kushoto kwa sababu harambi kushoto. Nimekiona kila siku. Nimekaa hapa nacheka.

Yule mama akapitisha mkono taratibu upande wa kulia, akamwinua Mkaguzi kwa kifua na matako, akaketi, akamlaza mapajani mwake ubavu mbaya ukiwa juu. Paka alimtazama tu. Akaanza kuchambua lile bonge la sufi kwa ncha za vidole. Mkaguzi akatoa kucha, akazirudisha. Chini ya sufi manyoya yalikuwa yamegandana, na chini ya manyoya, nyuma kidogo ya bega, palikuwa na uvimbe mdogo kama punje ya hindi.

— Mimi si daktari, akasema. Huenda ni jipu. Huenda ameumwa na mwenzake. Lakini pagumu hapa. Kama kuna kitu ndani.

Springi alikuwa amesimama. Aliingia karakanani, akatoka na kile kipande cha sponji mkononi, na sindano zake saba zimechomekwa humo, vichwa juu, ncha zimezama. Akakaa. Akachomoa ya kwanza akaiweka gotini. Ya pili. Ya tatu. Zote ndefu, nzima, zinang'aa. Ya sita ilitoka fupi. Ilikuwa nusu tu, imekatika katikati, na pale ilipokatika palikuwa peusi.

Wembe: Si huwa unahesabu, fundi?

Springi: Nahesabu. Kila siku. Nahesabu vichwa.

Akaigeuzageuza ile nusu.

Springi: Usiku ule wa mto. Nilikuwa nalia, sioni nashona wapi. Nikasikia kitu kimekatika, nikadhani uzi. Nikaichomeka pale, nikachukua nyingine. Nusu yake nimeishonea ndani. Nikampa alalie.

Posta aliweka mkono begani mwake akauacha hapo, na hiyo ndiyo barua pekee niliyowahi kuona Posta ameifikisha mahali pake.

Springi akainama hadi uso wake ukawa karibu na wa paka.

— Nisamehe, baba, akamwambia. Umeniambia kila siku, nikakuita mkorofi.

Halafu akamuomba yule mama kikapu. Yule mama hakuuliza habari ya panya wake. Alimlaza Mkaguzi mwenyewe, ubavu wa kulia chini, akamwonyesha fundi njia ya mkato kwenda kwa daktari wa mifugo, akatembea naye hadi kona. Springi alikibeba kikapu kwa mikono miwili, polepole, kama mtu aliyebeba bakuli limejaa hadi ukingoni. Karakana aliiacha wazi. Sindano aliziacha juu ya kochi, hakuzihesabu.

Wembe: Shangazi, atapona?

Nikainamisha birika. Likatoa matone mawili, likaisha. Kwa kawaida kahawa ikiisha naondoka, sina muda wa kukaa na watu bure. Siku hiyo nilikaa. Posta aliuchukua ule mto mdogo kutoka ndani, akaanza kuubonyeza kwa kiganja, inchi kwa inchi, kutafuta kama kuna kingine kilichobaki. Nikamwambia atajichoma. Akasema afadhali yeye.

Springi alirudi jua likiwa limeshuka. Kikapu kilikuwa na uzito, hilo nililiona kwa mbali. Mfukoni alikuwa na karatasi iliyokunjwa, na ndani ya karatasi kipande cha chuma chenye urefu wa pingili ya kidole. Akakilinganisha na ile nusu ya sindano. Vikakutana. Daktari amesema kilikuwa kinasogea taratibu, kingeachwa wiki chache kingefika pabaya.

Wembe: Na yule mama wa ghala?

Springi: Nimemwahidi kochi. Jipya. La kwake na paka wake sita.

Hayo yalikuwa majuma mawili yaliyopita. Sasa Mkaguzi ana nyuzi tatu nyuma ya bega. Springi amezikagua, anasema daktari anashona vizuri ila mkono wake mzito. Posta anaapa kwamba ile methali ya kikulacho aliisema kwa makusudi, na sisi tumemwachia, kila mtu apate chake. Na sheria ya kijiwe imebadilika kidogo. Nikimimina kikombe cha kwanza Mkaguzi anapanda sanduku langu, anapumzika, anapanda kochi, na wanaume watatu wanaweka mikono magotini, wima, kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Anapita nyuma yao. Hakuna anayemgusa. Hata Wembe siku hizi anageuka akatazama.

Mjukuu naye amekuja. Anakaa mapajani mwa babu yake, hajui kusema mengi, lakini paka akipita anamwona na mkono wake unaruka wenyewe, vidole vitano vimefunguka. Springi anaupokea ule mkono hewani, anaushusha polepole, anauweka gotini chini ya wake. Sufi zinaelea. Mtoto anamtazama babu, anataka kulia.

— Subiri, mama, anamwambia. Akirudi.